Somo: Rakori (viungo vya bomba) za pusi (inchi) na mipira ya maji ya milimita kwenye boti, namna ya kuziunganisha zisivuje

Juzi kijana mmoja alinikuta Kituku, bandari ya hapa Goma, ameshika rakori ya shaba ya njano. Alikuwa ameipima vizuri kabisa, milimita 21, na tangu asubuhi alikuwa akizunguka Birere akiomba "rakori ya 21". Kila kinkayeri (duka la vifaa) walimjibu hakuna. Zilikuwepo, zimejaa kwenye masanduku mbele ya macho yake, ila hapa mjini zinaitwa nusu pusi. Kijana kapoteza siku nzima, na boti ya watu imelala majini ikimsubiri. Ni kwa ajili yake nimeandika somo hili.

Cha kwanza kuelewa ni kwamba jina la bomba si kipimo chake. Pusi moja, ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita inchi, ni milimita 25.4, basi nusu yake ni 12.7. Chukua rakori yoyote ya nusu pusi, ipime ndani, ipime nje: hiyo 12.7 hutaiona. Jina lilitokana na tundu la mabomba ya chuma ya zamani yaliyokuwa na kuta nene. Kuta zilipunguzwa, tundu likapanuka, lakini upana wa nje ukaachwa vilevile ili bomba jipya liendelee kuingia kwenye la zamani. Meno ya nje (michongo ya kukazia) ya nusu pusi yana milimita 20.95, yaani 21 ukisoma kwa rula.

Wafaransa wanaandika zote mbili pamoja. Ukikuta 15/21 kwenye pakiti, ni nusu pusi: 15 ya tundu, 21 ya meno. Vivyo hivyo 20/27 ni robo tatu pusi, 26/34 ni pusi moja, 33/42 ni pusi moja na robo, 40/49 ni pusi moja na nusu. Nakili hizi ndani ya kifuniko cha sanduku lako la vyombo. Zitakuokoa siku muuzaji anapozungumza lugha moja na pakiti lugha nyingine.

Kwenye nyumba jambo hili halisumbui sana, maana bomba zote hutoka duka moja. Boti zetu ndizo zinazochanganya familia za vipimo. Mwili umejengwa hapa ziwani, motere ni ya okazyo (iliyokwisha kutumika) kutoka Japani, pompi imetoka Marekani, na mipira inauzwa kwa milimita.

Hatua ya 1: safisha ndipo upime. Maji ya ziwa Kivu huacha ganda jeupe gumu kwenye meno. Loweka rakori kwenye siki usiku mmoja, kisha piga brashi ya waya. Ukipima juu ya ganda utasoma milimita nzima isiyokuwepo.

Hatua ya 2: hesabu meno. Upana peke yake hautoshi. Katika familia ya Uingereza, inayoandikwa BSP au herufi G na R, nusu pusi na robo tatu zina meno 14 kwa kila pusi. Kuanzia pusi moja kwenda juu ni 11. Zile ndogo za robo (1/4) na tatu ya nane (3/8) ni 19. Huna kipimo cha meno? Weka rula ya chuma, anza kwenye ncha ya jino moja, ruka nafasi tano. Ukipata karibu milimita 9, ni meno 14. Ukipata 11 na nusu, ni meno 11. Ukipata 6.7 hivi, ni 19. Njia nyingine ni kuchukua rakori unayoijua, kulaza meno yake juu ya meno ya ile usiyoijua, na kuziinua kuelekea jua. Mwanga ukipenya katikati, hizo si ndugu.

Hatua ya 3: mtambue Mmarekani. Hapa nawaomba msome polepole. Meno ya Marekani, NPT, kwa nusu pusi na robo tatu nayo ni 14 kwa pusi. Upana unakaribiana mno: 21.3 dhidi ya 20.95. Rakori itaingia, itazunguka, itakaza, nawe utaamini kazi imekwisha. Lakini jino la Uingereza limechongwa kwa pembe ya digrii 55, la Marekani kwa digrii 60, na kati yao hubaki njia nyembamba ya maji inayozunguka mpaka nje. Kwa pusi moja Mmarekani hujitaja mwenyewe, kwa kuwa ana meno 11 na nusu, hivyo huanza kugoma baada ya mizunguko michache.

Mimi nililijua hili kwa uchungu. Nilifunga kichujio cha Marekani kwenye vane (valvu) ya Uingereza, kwenye njia ya maji ya kupozea motere. Nikazungusha tefloni (utepe wa kuzibia) nyingi, nikakaza, na tulipokuwa bado pwani hapakuvuja hata tone. Tulipokuwa katikati kuelekea kisiwa cha Idjwi, mtikisiko wa motere ukaifungua ile njia. Mama mmoja ndiye aliyeona magunia yake ya maharage yanalowa chini. Nikafunga vane, na kufunga vane ni kuzima motere, maana maji hayohayo ndiyo yanayoipoza. Tulichota kwa ndoo na kuelea mpaka boti nyingine ikatuvuta. Wote walifika wazima. Tangu siku hiyo, chini ya mstari wa maji sikubali rakori ambayo sijaihesabu meno.

Motere ya Japani isikutishe upande huu. Meno yake ya bomba ni ya familia ya Uingereza.

Hatua ya 4: jihadhari na meno ya milimita yenyewe. M20 na M22 zimekaa pande mbili za nusu pusi, na M14 iko karibu na robo pusi. Zikikutana na BSP huzunguka mara moja au mbili, halafu zinauma. Kwa mkono mtupu rakori safi iingie mizunguko mitatu au zaidi bila kupigana. Ikigoma kabla ya hapo, irudishe. Usichukue kle (spana) ndefu.

Hatua ya 5: vuka kwa mpira. Badala ya kupanga rakori nne za kupunguza moja juu ya nyingine, funga rakori ya mkia (yenye ncha ya kuvalisha mpira) inayolingana na meno ya kila upande, katikati uweke mpira. Mpira unasamehe kidogo, chuma hakisamehi. Mpira wa 13 unafaa mkia wa nusu pusi, wa 19 robo tatu, wa 25 pusi moja, wa 32 pusi moja na robo, wa 38 pusi moja na nusu. Ukibana, chovya ncha yake kwenye maji ya moto dakika moja. Usipake mafuta ya motere, yanalainisha mpira vibaya. Ukilegea mpaka unazunguka kwa kidole, tafuta mwingine. Koliye (kibano cha mpira) haizibi tofauti ya milimita tatu.

Hatua ya 6: kufunga. Chini ya mstari wa maji, koliye mbili za inoksi (chuma kisichoshika kutu) kila ncha, kama mkia ni mrefu wa kuzibeba. Tefloni zungusha upande wa kukazia, ili isijikunje ukifunga. Rakori yenye meno yaliyonyooka na washa ya raba huziba kwa washa, tefloni haisaidii kitu pale.

Hatua ya 7: washa motere boti ikiwa bado imefungwa gatini, nusu saa, ukishika kila kiungo kwa kitambaa kikavu. Na kando ya kila vane funga kwa kamba kigingi cha mbao kilichochongwa kama karoti, kinacholingana na tundu hilo, cha kuziba maji vane ikivunjika.

MASWALI

Fundi wa Bukavu: Mzee, aksanti kwa somo. Nina bomba la plastiki la PPR la 25. Si ndiyo pusi moja?

Hapana, ndugu. Hiyo 25 ni upana wa nje. PPR ya 20 hutembea na nusu pusi, 25 na robo tatu, 32 na pusi moja. Tazama rakori yake, imeandikwa 25 × 3/4. Kwa maji ya kunawia ni sawa. Kwa motere usiiweke, ni ngumu na mtikisiko utaipasua kwenye kona.

Kijana wa Kalehe: Mzee, rakori ya galvanize (chuma kilichopakwa zinki) kwenye vane ya bronzi inakubalika?

Inaingia vizuri, lakini metali hizo mbili zikilowa pamoja, galvanize ndiyo inayoliwa. Maji yetu si ya chumvi kama bahari, basi huliwa polepole, na kwa ndani, usikoona. Tia bronzi kwa bronzi.

Fundi wa Bukavu: Na rakori ya plastiki?

Ikiwa plastiki ni jike (meno ya ndani) na chuma chembamba mbele ndicho dume (meno ya nje), kila unapokaza unaipasua. Geuza, plastiki iwe dume.

Mama mwenye boti, Minova: Mimi si fundi. Nitajuaje kama kazi imefanywa sawasawa kabla sijapakia watu?

Mama, mwambie fundi afungue kiungo kimoja mbele yako, kisha akirudishe kwa mkono. Uhesabu mizunguko wewe mwenyewe. Halafu umwombe akuonyeshe kigingi cha kila vane. Kama hakipo, mpe mbao na panga akichonge hapohapo, abiria wakiwa bado pwani.