Ukikutana na kasa bichi Kigamboni: fanya hivi, usifanye vile

Wadau wa bichi, hasa nyie mnaovuka kwenda Kigamboni kila wikiendi na nyie mliojenga huko Kimbiji mpaka kushuka Buyuni na Pembamnazi, hii inawahusu. Ule ufukwe mnaochomea nyama na kupiga kambi kasa wanataga pale. Sio Mafia peke yake, ni hapahapa Dar. Bahari yetu ina aina tano za kasa ila wanaotaga huku ni kasa wa kijani hasa, na ng'amba (kasa mwenye mdomo uliochongoka kama wa ndege) kwa uchache. Na kiukweli wengi wanaowadhuru hawana nia mbaya, wanataka kusaidia au kupata picha tu, ndo maana nimeona niandike.

Tuanze na mama. Kasa jike anapanda usiku, taratibu, anavuta mwili, anapumzika, anavuta tena. Ukimuona zima tochi, zima flashi ya simu, kaa chini ulipo na waambie ulionao wanyamaze. Hapo ndo ana woga kuliko wakati wowote, akiona mwanga au mtu anapita mbele yake anageuza anarudi majini bila kutaga. Subiri achimbe shimo lake aanze kutaga, akishafika hapo anatulia, unaweza kusogea kidogo kwa nyuma yake, bila mwanga, bila kumgusa. Anataga mayai mia hivi kwa mara moja. Utaona machozi yanamtoka yameshika mchanga shavuni na watu husema analia uchungu, hapana, ni chumvi ya bahari anaitoa mwilini kupitia tezi za macho. Akimaliza anafukia kwa mapezi ya nyuma, anashindilia, halafu anaanza kurusha mchanga huku na huku kwa mapezi ya mbele ili mtu asijue kiota kiko wapi. Yote hii inaweza kula saa nzima na zaidi, muache. Na tafadhali sana usimpandishe mtoto mgongoni upige picha.

Asubuhi ukikuta alama mchangani kama za tairi la trekta, moja imepanda na nyingine imerudi majini, ujue ametaga au alijaribu kutaga. Usichimbe kuhakikisha!! Yai la kasa likishakaa masaa machache kijusi kinajishika kwenye ganda kwa ndani, ukiligeuza tu kinakufa, yaani unaweza kuua kiota kizima kwa kutaka kuangalia. Hata kama unaona bahari itakifikia usihamishe mwenyewe. Usifute zile alama, piga picha, kariri sehemu, halafu nenda kwa watu wa BMU (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia ufukwe na uvuvi) wa pale kijijini au afisa uvuvi. Kuna shirika pia linaitwa Sea Sense, liko Dar na linafanya kazi ya kasa na wanavijiji wa pwani, wao wana watu waliofundishwa kuhamisha mayai.

Mayai yanakaa siku 50 hadi 60 hivi. Joto la mchanga ndo linaamua jinsia, mchanga wa moto unatoa majike wengi na wa baridi madume, kwahiyo ukiwasha moto wa kambi juu ya kiota au ukajenga kibanda cha kivuli pale unavuruga mambo usiyoyaona. Gari nalo lisishuke mchangani, linashindilia na watoto wa kasa wanashindwa kutoka.

Sasa taa, na hapa naomba wenye nyumba na hoteli za ufukweni mnisikilize vizuri. Watoto wa kasa wanatoka usiku na wanafuata upande wenye mwanga zaidi, na kwenye ufukwe wa giza upande huo ni bahari. Ukiweka zile taa kali nyeupe za kumulika bichi unawaita wao waje kwako, wanaishia barabarani, kwenye bustani, asubuhi jua linawakausha. Dawa yake sio ngumu: zima za upande wa bahari watu wakilala, za ulinzi zielekeze chini na uzikinge zisionekane kutoka mchangani, weka balbu za rangi nyekundu au chungwa, na mapazia yafungwe. Nyasi na vichaka vya asili vilivyo kati ya nyumba na mchanga usifyeke, vinazuia mwanga.

Ukiwakuta wanashuka usiwabebe kwenda majini, waache watembee wenyewe. Kazi yako ni kufukia mashimo ambayo watoto wenu walichimba mchana wakicheza, kuondoa viti, kufunga mbwa na kufukuza kunguru. Ila ukiwakuta wamepotelea barabarani au uani hapo wachukue, waweke kwenye ndoo yenye mchanga wenye unyevu, usitie maji, wapeleke sehemu ya giza ufukweni uwaachie juu ya mchanga.

Kwa wavuvi, hasa wa jarife (wavu wa matundu makubwa unaotegwa majini), kasa anapumua hewa kama sisi, akinaswa chini muda mrefu anazama. Ukimtoa amelegea usimtupe kama maiti na usimlaze chali. Mlaze kifudifudi, inua sehemu ya nyuma kidogo ili maji yamtoke mapafuni, mfunike kitambaa kibichi bila kuziba pua na umpe masaa, wengine wanazinduka. Usimbebe kwa kumvuta mapezi, shika gamba. Kama amemeza ndoano usivute mshipi, kata karibu na mdomo uwezavyo.

Nyama yake je? Kumvua ni kosa kisheria, na pia nyama yenyewe inaweza kuwa na sumu ikaua. Machi 2024 kule Kisiwa Panza, Pemba, watu tisa walikufa baada ya kula kasa, wanane kati yao watoto. Ile sumu haiishi kwa kuchemsha wala kukaanga, na kwa macho huwezi kujua yupi anayo.

Na ukikuta aliyekufa ufukweni usiondoke na gamba nyumbani, kuwa nalo ni kosa vilevile. Piga picha nzima ukiweka kandambili pembeni waone ukubwa, angalia kama ana kovu la kamba au plastiki mdomoni, kagua mapezi ya mbele kama kuna kibati chenye namba, andika namba kama ilivyo, halafu mpelekee taarifa afisa uvuvi au BMU siku hiyohiyo kabla mbwa hawajamfikia.