Kabla hujalipia nyumba ya upepo wa bahari Bagamoyo

Mtu wa Dar es Salaam huja Bagamoyo Jumamosi, akala pweza, akapita Caravanserai na Ngome Kongwe, akapiga picha milango ya nakshi, na jioni akapigwa na upepo. Jumatatu anamtafuta dalali. Mji unastahili kupendwa, hilo hatulipingi. Ila upepo ule unaopoza jioni umebeba chumvi, na chumvi ndiyo itakayoamua utatumia fedha ngapi kwa mabati, vitasa, friji na plasta. Haya ni maelekezo kwa anayetaka kupanga nyumba hapa, pamoja na machache kwa anayekuja kutembea tu.

Bahari ipo saa ngapi?

Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni siku za bamvu, yaani maji makubwa. Maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Baada ya wiki moja yanakuwa maji mafu: kujaa kunaangukia karibu saa nne, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo.

Kwa hiyo anayekuja kuogelea saa nne asubuhi wakati wa mwezi mpevu atakuta tope na mchanga, maji yako mbali. Usiku wa kuamkia safari, utazame mwezi kwanza. Panga kuingia majini ndani ya saa mbili kabla au baada ya maji kujaa, na ukitembea kwenye tope karibu na mikoko vaa viatu, maana magamba ya chaza hukata vibaya.

Samaki nao wana kalenda yao. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti samaki, hivyo usiku huo wengi hawatoki. Kusi ikikaza katikati ya mwaka, vyombo vidogo hubaki pwani. Siku kama hizo bei mnadani hupanda, na unachoonyeshwa mezani huenda ni cha juzi. Fungua mashavu: yakiwa mekundu na macho yametuna, nunua, yakiwa ya kahawia na macho yamezama, acha.

Kuikagua nyumba

Usiende na dalali jioni ya upepo mzuri. Nenda saa saba mchana, na ukiweza nenda wakati wa masika, asubuhi baada ya mvua kunyesha usiku kucha. Nyumba iliyopakwa rangi wiki hii ikaguliwe mara mbili, kwa sababu rangi mpya huficha chumvi kwa miezi michache tu.

Anzia nje. Tazama misumari ya bati na ncha za mabati zinapopandana. Kutu huanzia hapo. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, na karibu na bahari tofauti hiyo inaonekana mapema. Halafu tazama nguzo, lenta na mbele ya baraza. Ufa unaokwenda moja kwa moja kufuata nguzo, ukiwa na doa la rangi ya kutu, maana yake nondo ndani imeanza kutu. Nondo yenye kutu huvimba na kulipasua zege. Gonga kwa kipande cha mbao: penye sauti ya uwazi, zege limeshaachana na nondo. Chanzo mara nyingi ni mchanga wa pwani uliochanganywa kwenye zege, au zege jembamba mno juu ya nondo. Kwa mpangaji hilo halirekebishiki. Tafuta nyumba nyingine.

Ingia ndani, chuchumaa. Kuta husema kweli kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Ukiona unga mweupe, rangi iliyobanduka kama magamba, au plasta inayomong'onyoka kwa ukucha, maji ya ardhini yanapanda ukutani kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Yakifika juu hukauka, chumvi inabaki na kuwa fuwele, na fuwele zikikua zinaisukuma plasta kutoka ndani.

Ukitaka uhakika, omba ruhusa ya kuacha kipimo hiki: kata nailoni nene ya sentimita 30 kwa 30, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne pasiwe na upenyo, urudi kesho yake saa ile ile. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani na hakuna rangi itakayouponya. Yakiwa mbele, upande wa chumba, ni unyevu wa hewa, na hapo dirisha na feni vinasaidia. Mwenye nyumba anayekataa kipande cha nailoni kwa usiku mmoja amekupa jibu.

Kwa nyumba kongwe za mawe ya matumbawe, zilizoezekwa kwa boriti za mikoko, kuna la ziada. Zilijengwa kwa chokaa, ambayo huruhusu ukuta kupumua. Fundi akizipiga plasta ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, unapanda juu zaidi na kuozesha vichwa vya boriti vilivyolala ukutani. Dari ikianza kubonyea karibu na ukuta, sababu ni hiyo. Matengenezo sahihi ni chokaa iliyolowekwa vizuri, kipimo kimoja kwa mitatu ya mchanga wa mto. Mchanga wa ufukweni unarudisha chumvi ile ile unayoikimbia. Hata hivyo usimwite fundi kabla ya kuuliza ofisi ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na ndani ya Mji Mkongwe kuhamisha mlango au kuvunja ukuta si jambo la makubaliano yako na mwenye nyumba peke yenu. Tunalisema hili kwa msisitizo: mlango mmoja wa nakshi ukishang'olewa haurudi.

Umeme: fungua soketi moja. Shaba yenye ukijani ni dalili kwamba chumvi imeingia, na soketi hiyo itapata moto ukichomeka pasi au jiko. Maji: fungua koki zote kwa pamoja, kisha uliza bomba la DAWASA, mamlaka ya maji, hutoka siku zipi. Ukiambiwa "kuna kisima," omba sabuni na unawe mikono hapo hapo. Sabuni isiyotoa povu ni dalili ya maji yenye chumvi nyingi, na maji hayo yataua hita na mashine ya kufulia. Kisima kiwe mita 30 au zaidi kutoka shimo la choo, maana karibu na ufukwe maji ya ardhini yako juu. Kwa sababu hiyo hiyo mashimo hujaa haraka wakati wa masika. Uliza lilinyonywa lini mara ya mwisho, na kama gari la kunyonya linafika. Vichochoro vya kata ya Dunda vingine havipitishi gari.

Ukimaliza, piga hodi kwa jirani. Toa shikamoo kwa mwenye umri wake, kaa kidogo, uliza maji ya mvua husimama wapi na mbu wakoje. Majirani hawana kamisheni. Tena ndio utakaoishi nao: vaa kwa staha mitaani, punguza muziki wakati wa adhana, na mwezi wa Ramadhani usitegemee kula hadharani mchana.

Umbali na bahari, umbali na Dar

Ushauri wetu ni kukaa kata ya Magomeni (ya hapa Bagamoyo, si ile ya Dar) au Nianjema, ndani kidogo kutoka ufukweni, na kwenda baharini kwa miguu au baiskeli. Chumvi hupungua sana ukishaziacha mita mia chache za mwanzo. Anayeng'ang'ania mstari wa mbele ajiandae: kufuli za shaba (ingawa kikono chake bado ni cha chuma), wavu wa dirisha wa plastiki badala ya wa chuma, kabati zisogezwe sentimita tano kutoka ukutani, vyeti na hati ndani ya kasha la plastiki lenye kifuniko. Gari lioshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki. Tangi la maji lifunikwe, kwani mbu wa dengi huzaa kwenye maji safi na huuma mchana, wakati hakuna aliye ndani ya chandarua.

Wengine huhamia wakidhani wataendelea na kazi Dar. Piga hesabu kabla. Ni kama kilomita 65 kwenda, 130 kwenda na kurudi. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 13 kwa siku, lita 286 kwa siku 22 za kazi, bila kuhesabu foleni ya Bunju na Tegeta. Kwa daladala, hesabu zaidi muda kuliko nauli.

Mkataba

Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja. Mlipe baada ya kusaini, si baada ya kuonyeshwa. Mwenye nyumba ataomba miezi sita au mwaka. Omba uanze na mitatu, na uchague miezi inayoingia masika, ili nyumba ijaribiwe na mvua kabla hujafunga fedha nyingi. Andika ndani ya mkataba nani anatengeneza bati, nani ananyonya shimo, na piga picha kuta zote kuanzia sakafuni hadi kiunoni, tarehe ionekane.

Siku ya kusaini, nunua LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya kiasi kidogo kwenye mita ile na uone uniti zinazoingia; zikiwa pungufu kuliko kawaida, uliza kama kuna deni kabla hujasaini. Kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo wewe mpangaji ndiye unayemlipia mwenye nyumba. Kubalianeni kwa maandishi kwamba itapunguzwa kwenye kodi ya pango. Kisha peleka nakala ya mkataba kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, ujitambulishe na kuandikishwa. Barua yake ya utambulisho utaihitaji mahali pengi, kuanzia benki hadi polisi.