Maji yanavuja karibu na wota pampu: tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Dereva akiingia gereji na kusema "fundi, wota pampu imekufa", huwa namuuliza swali moja: umeona maji yanatokea wapi, au umeona yanadondokea wapi? Karibu wote wameona yanapodondokea. Pampu hiyo, inayozungusha maji ya kupooza injini, iko mbele ya injini, na juu yake kuna themostati (mlango wa maji unaofunguka kwa joto), hosi ya juu ya rejeta, hosi fupi ya baipasi na mabomba ya hita. Kwenye malori ya breki za upepo, mara nyingi kuna pia bomba la maji linalokwenda kupooza kompresa. Kimojawapo kikivuja, maji hushuka mpaka kwenye pampu, na lawama huishia hapo.

Mkenge huo nimeshauingia mwenyewe. Kulikuwa na lori la tani saba lililokuwa likishusha nyanya za Ilula kwenda Dar na kurudi na saruji. Kila likianza kupanda mlima wa Kitonga na mzigo, linachemsha. Lilipopita kwetu Morogoro nikamulika tochi, nikaona pampu imelowa, nikabadilisha. Siku iliyofuata dereva akapiga simu yuko Ruaha Mbuyuni: "Fundi, maji yale yale, pale pale." Kumbe ni hosi ya baipasi, kale kafupi kama kidole, kamepasuka upande wa nyuma ambao macho hayafiki. Tajiri wa gari alipokuja aliitazama pampu ya zamani niliyokuwa nimeiweka kwenye benchi, akaizungusha kwa mkono, ikazunguka laini kabisa. Hakusema neno. Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: acha injini ipoe

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo wazi Dar yanachemka kwenye nyuzi 100, na Mbeya kwa sababu ya mwinuko hata 95 hayafiki. Lakini ndani ya rejeta iliyofungwa kwa kifuniko cha 0.9 (yaani presha ya bar 0.9), maji yanaweza kuvuka nyuzi 110 bila kuchemka. Ukifungua, presha inatoka ghafla, sehemu ya maji inageuka mvuke na maji ya moto yanakurukia usoni. Kitambaa hakikusaidii. Subiri mpaka uweze kuishika hosi ya juu kwa mkono mtupu na kuibonyeza ikabonyea bila ubishi.

Kabla hujainua kabini, tazama kiwango cha maji kwenye chupa ya akiba na umuulize dereva anaongeza lita ngapi na baada ya umbali gani. Anayeongeza nusu lita kwa wiki na anayeongeza lita tano kila kituo hawana ugonjwa mmoja.

Hatua ya 2: soma madoa, usioshe kwanza

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu ushahidi. Gari likiingia tu, sabuni na maji, injini inang'aa, na alama zote zimeondoka. Tulia. Chukua tochi na kioo kidogo cha mkononi, kama cha kunyolea.

Kulanti, yaani dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, ikikauka huacha ukoko wenye rangi yake: kijani, nyekundu au waridi kulingana na aina iliyowekwa. Gari lililozoeshwa maji ya kisima huacha ukoko mweupe kama chokaa, na lililokunywa maji matupu miaka mingi huacha michirizi ya kahawia ya kutu. Anzia chini palipolowa, fuata mchirizi kuelekea juu. Na kumbuka feni: upepo wake unayasukuma maji kwenda nyuma, kwa hiyo doa kubwa linaweza kuwa nyuma kabisa ya mahali yanapotokea. Unachotafuta ni alama iliyo juu zaidi na mbele zaidi. Chanzo kiko hapo au karibu na hapo.

Kuna mafundi wanaochovya kidole na kuonja kama ni tamu. Acheni. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, na hiyo ni sumu. Harufu yake peke yake inatosha kukuambia. Ukiimwaga, usiache dimbwi mahali watoto au mbwa wanapopita.

Hatua ya 3: osha, kausha, paka poda

Sasa osha. Funika alteneta na soketi za umeme kwa nailoni, kisha kausha kwa upepo wa kompresa mpaka kwenye mikunjo. Injini ikikauka, puliza poda ya mtoto au unga wa chaki kuzunguka pampu, nyumba ya themostati na kwenye maungio ya hosi. Tone likitoka litachora njia kwenye poda, na njia hiyo haidanganyi. Huhitaji kifaa cha bei kubwa.

Hatua ya 4: tia presha

Kama una pampu ya kupima rejeta, ifunge mahali pa kifuniko na upandishe presha taratibu mpaka namba iliyoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, 0.9 au 1.1 kwa mfano. Usipite hapo. Nimeona mtu akitumia upepo wa kompresa moja kwa moja "ili uvujaji ujitokeze haraka", na kweli ulijitokeza: tangi la juu la rejeta lilifumuka.

Acha presha ikae dakika kumi na tano huku ukizunguka na tochi na kioo. Sindano ikishuka na nje hakuna tone, mara nyingi maji yanakwenda ndani: chomoa stiki ya oili uone kama oili imegeuka kama chai ya maziwa, na uangalie moshi mweupe wa ekzosi usiokoma. Hiyo mara nyingi ni habari ya gasketi ya hedi, laina (silinda za ndani ya bloku) au oili kula (kipoza oili), si ya pampu.

Kama kipimo huna, washa injini, iache ifike joto la kazi mpaka themostati ifunguke (nyingi huanza kwenye nyuzi 82 hivi), kisha tazama. Mikono mirefu ya shati ikunjwe na vitambaa viwekwe mbali. Mkanda wa feni hauna huruma.

Kuna uvujaji unaoonekana asubuhi tu, injini ikiwa baridi, na ikipata joto unakoma. Hapo anza na klampu. Mpira wa hosi na chuma ya shingo havisinyai sawasawa, na klampu iliyolegea inaacha upenyo usiku. Nimewahi kumaliza kazi ya namna hiyo kwa bisibisi peke yake.

Hatua ya 5: sasa ikague pampu yenyewe

Pampu huvuja sehemu tatu: kwenye gasketi inapokutana na bloku, kwenye shingo ya hosi, na kwenye kitundu kidogo kilicho chini ya shafti. Kitundu hicho ndicho muhimu kuliko vyote, na ndicho kinachoeleweka vibaya kuliko vyote.

Ndani ya pampu kuna sili inayozuia maji yasifike kwenye beringi. Mtengenezaji ameacha kitundu kati ya sili na beringi makusudi, ili sili ikichoka maji yatokee nje badala ya kuosha grisi ya beringi. Unyevu kidogo au doa kavu kwenye kitundu si hukumu. Hata pampu mpya inaweza kutoa matone machache sili ikiwa bado inajikalisha. Lakini mchirizi unaoendelea, au tone linalojirudia ukiwa umetia presha, maana yake sili imekwisha. Pampu itoke.

Kwenye injini kubwa ambazo pampu inaendeshwa kwa gia badala ya mkanda, mara nyingi kuna sili mbili: moja ya maji, nyingine ya oili, na kitundu kiko katikati yake. Kikitoa kulanti, sili ya maji imechoka. Kikitoa oili, ni sili ya pili. Gusa kwa kidole, usugue na kingine, utajua.

Usikizibe. Nimefungua pampu zilizozibwa kwa silikoni, kwa msumari, moja kwa kipande cha kijiti. Ukikiziba, maji yatapita kwenye beringi, na kwenye pampu ya gia yanaweza kuishia kwenye oili ya injini. Umekwepa kununua pampu, ukajitafutia overhoo.

Baada ya kitundu, beringi. Legeza mkanda, shika puli juu na chini, itikise mbele na nyuma. Uchezaji wowote unaousikia mkononi ni mbaya, hasa kwenye magari ambayo feni imefungwa kwenye pampu hiyo hiyo, maana shafti ikikatika feni inakwenda kuitoboa rejeta. Zungusha taratibu: ikikwaruza kama mchanga, beringi imeanza kula. Pampu ya namna hii hata kama haivuji leo, gari halipandi Kitonga nayo.

Ukiitoa

Geuza pampu utazame panga zake, zile zinazosukuma maji. Zikiwa zimeliwa vitundu vitundu au zimevaa kutu nene, tatizo ni maji yanayowekwa, na pampu mpya itakufa vile vile. Safisha mfumo, kisha weka kulanti nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Uso wa bloku ukwangue mpaka uwe mtupu. Gasketi mpya haihitaji rundo la silikoni, na mabaki yake hukatika na kwenda kuziba rejeta. Jaza taratibu, hita ikiwa wazi, mpaka mapovu yaishe, maana hewa iliyobaki itakufanya uamini pampu mpya ni mbovu.

Tandaza boksi kavu chini ya injini usiku. Asubuhi ukikuta tone, liangalie kabla ya kumpigia dereva: lenye rangi na harufu tamu linakurudisha hatua ya 2. Safi kama ya kunywa, kwenye gari lenye AC lililozimwa jana jioni, ni maji ya AC tu.