Kuuza vigezo vya kushonea Mwanza: kipimo kwanza, bahasha baadaye

Anayenunua kigezo cha karatasi, yaani mchoro wa kufuatisha anapokata kitambaa, au patani kama wengine wanavyosema, hanunui picha ya gauni iliyoko kwenye bahasha. Ananunua kipimo. Akishona akakuta nguo haipiti mabegani, kitambaa kimeshakatwa na hakirudi dukani, tena huenda kilimgharimu mara kadhaa ya bei ya kigezo chenyewe. Ndiyo maana kazi kubwa ya muuzaji hufanyika kabla hajapanga mali mezani.

Anza na mitindo michache: sketi na kaptura ya sare ya shule, gauni la kitenge lisilobana, shati la kiume, nguo za mtoto wa miaka 2 hadi 10. Sare huulizwa Desemba na Januari. Suti na nguo za harusi ziache kwanza, kwa sababu wanaozishona ni mafundi ambao wanajua kuchora wenyewe.

Chora kigezo chako au lipa fundi akuchoree. Kigezo ulichokinunua mtandaoni kwa matumizi binafsi hukuruhusiwa kukirudufu na kuuza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji wa Mwanza kama inavyomlinda wa Ulaya. Mchoro ukishakamilika, shona saizi ya katikati kwa kitambaa cha marekani au shuka la mtumba kutoka soko la Mlango Mmoja, mvishe mtu mwenye vipimo hivyo, umwambie akae, ainue mikono, ainame. Kwapa likivuta, rekebisha karatasi, ushone tena. Baada ya hapo ndipo utengeneze saizi nyingine, ukiacha sentimita 4 za kifua kati ya saizi moja na inayofuata. Wazo hili la kuuza vazi moja kwa saizi mbalimbali lilianza na fundi Ebenezer Butterick huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1863, na mpaka leo ndilo linalofanya kigezo kiuzike.

Kwenye kuchapisha ndiko watu wengi wanakoharibu. Weka katika kila kigezo mraba wa kupimia wa sentimita 10 kwa 10. Karatasi ikitoka steshenari, upime mraba huo kwa rula, kwa upana na kwa urefu, maana zipo mashine zinazopunguza upande mmoja tu. Ukisoma 9.6, mashine imebana mchoro ili uenee kwenye ukurasa, na kifua cha sentimita 100 kimekuwa 96. Hiyo ni saizi nzima imepotea, na kwa macho huwezi kuiona. Mwambie mchapishaji atoe asilimia 100. Usitoe kopi ya kopi: kila mzunguko ukiongeza asilimia 1, kopi ya tatu itakuwa imezidi kwa sentimita 3 kwenye kifua hichohicho. Karatasi za A4 za kuunganisha kwa gundi ni nafuu, ila gauni moja hula karatasi nyingi, na mwanagenzi akikosea kuunganisha, mstari wa ubavu unapinda. Wanaochapisha ramani za nyumba wana mashine ya A0, yaani sentimita 84.1 kwa 118.9. Kwa gauni na shati tunashauri hiyo.

Juu ya bahasha ya kaki andika kipimo cha mwili na kipimo cha nguo iliyokamilika, kila kimoja kwa sentimita na kwa inchi. Gauni la kitambaa kisichovutika huhitaji kuzidi mwili kwa sentimita 5 hadi 8 kifuani, la sivyo mvaaji hapumui. Andika pia kwa herufi kubwa kama nafasi ya mshono, yaani ukingo wa ziada wa kushonea, imo au haimo. Neno hilo moja huokoa nguo nyingi: mteja akiongeza sentimita 1.5 juu ya kigezo ambacho tayari kina nafasi, kingo nne za ubavuni zinampa sentimita 6 za ziada, na gauni linaning'inia.

Kuhusu kitambaa, taja kiasi kwa upana wa kitenge, takriban inchi 45, si ule wa vitambaa vipana vya sentimita 150. Kitenge chenye ndege au maua yanayotazama juu huhitaji zaidi, kwa sababu huwezi kugeuza kipande kimoja kichwa chini ili kubana nafasi. Kwenye kila kipande chora mshale wa uelekeo wa uzi, na umweleze mteja kuwa unakwenda sambamba na ukingo wa kiwandani. Mshale ukipuuzwa, sketi hujizungusha mwilini baada ya kufuliwa.

Usichapishe zaidi ya nakala 5 za mtindo mpya. Masika karatasi hunyonya unyevu na kujikunja, kwa hiyo zihifadhi zikiwa zimelala, mbali na ukuta na sakafu. Ukipeleka mali Ukerewe au kwenye mialo ya dagaa, nenda siku za giza, zisizo na mbalamwezi, wavuvi wanapoingia ziwani. Mbalamwezi ikiwaka, mwalo hauna fedha.

Mteja akirudi na malalamiko, pima kwanza mraba wa nakala yake, halafu omba tepu aliyojipimia. Tepu ya plastiki ya zamani hurefuka na kusoma pungufu, naye akachagua saizi ndogo. Ilaze kwenye rula ya chuma ya sentimita 60. Alama ya 60 ikipita mwisho wa rula, kosa liko kwenye tepu. Mpime upya kwa tepu yako, umpe saizi inayomfaa.