Kabla ya Kuanza Diploma: Chunga Krediti Zako za Digrii

Mwanafunzi wa kidato cha nne Kisumu au Kakamega anayeona C+ ya KCSE, alama inayodaiwa kuingia digrii moja kwa moja, ikimponyoka bado ana njia ya digrii: aanze na diploma, ambayo huanzia C-, kisha aendelee chuo kikuu. Katika mfumo wa sifa wa kitaifa, uliowekwa kwa sheria ya 2014, diploma ni kiwango cha 6 na digrii ya kwanza ni cha 7. Lakini kupokelewa ni jambo moja, kuhesabiwa ulichokwisha soma, yaani kupewa krediti, ni jingine. Wengi hupata la kwanza wakakosa la pili, wakarudia yuniti (masomo ya muhula) walizokwisha lipia.

Basi anzia mwisho. Kabla ya kuchagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, amua digrii na chuo kikuu, tuseme Maseno, Masinde Muliro au Egerton, ukaulize katika idara yenyewe (si kwa wakala wa mjini): mnapokea diploma ipi, iliyotahiniwa na nani, na yuniti zipi husamehewa? Uliza pia kama alama za KCSE za Hisabati na Kiingereza bado zinadaiwa kwa mwenye diploma. Jibu liwe kwa barua au baruapepe.

Hakikisha TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, imesajili chuo chako cha diploma na pia kuidhinisha kozi. Chuo halali chaweza kufundisha kozi isiyo na idhini. Ukivuka Busia kusomea Uganda, cheti chako kitahitaji kutambuliwa na KNQA, mamlaka ya sifa za kitaifa, ukirudi.

Kazi kubwa ni silabasi. Idara ya chuo kikuu hailinganishi majina ya yuniti, hulinganisha mada na saa. Yuniti ya digrii kwa kawaida huhesabiwa saa 45 za mihadhara, kwa hiyo Hisabati ya diploma iliyofundishwa saa 30 bila kalkulasi haitakupa msamaha wowote, hata ukiwa umeipita vizuri. Kila muhula chukua muhtasari wa kila yuniti unaoonyesha mada, saa na vitabu, upigwe muhuri na idara ya chuo chako cha diploma. Usingoje kumaliza: silabasi hubadilishwa, nawe unahitaji ile ya mwaka wako.

Angalia pia mtahini. KNEC, baraza la mitihani la kitaifa, hutoa matokeo kwa moduli, yaani kwa sehemu za kozi. Mfumo wa umahiri wa CDACC, baraza la mitaala na tathmini za vyuo vya ufundi, hupima kama unaweza kazi au bado, na kuna idara ambazo bado hutaka alama za asilimia. Kama utasomea mfumo huo, uliza mapema chuo kikuu kitayasomaje matokeo yako, na uhifadhi matokeo ya kila tathmini.

Majina yafanane kwenye cheti cha KCSE, kitambulisho na transkripti (orodha rasmi ya matokeo yako), hata mpangilio wake. Maliza karo; deni dogo huzuia transkripti kwa miezi.

Ombi la krediti lipeleke pamoja na ombi la nafasi, au kabla ya kusajili yuniti za muhula wa kwanza. Ukishasajili na kulipa, ofisi huona umekubali kuanza upya.