Kuendesha vyombo vidogo juu ya maji kwa kafuri, kisha kuviacha vijipange vyenyewe

Jaribio hili linahitaji sinia pana, maji safi, kafuri, spiriti ya famasi, karatasi ya kuchujia na boksi tupu la maziwa. Kinachoendesha kila kitu ni tofauti ya mvutano wa uso wa maji, yaani nguvu inayoufanya uso ujikaze kama ngozi nyembamba, kati ya sehemu moja na nyingine. Katika nyuzi 25 za Selisiasi maji safi yana mvutano wa takriban milinyutoni 72 kwa mita, ilhali ethanoli, yaani kilevi cha spiriti na mvinyo, ina takriban 22 tu; pande hizi mbili zinapokutana, kinachoelea huvutwa kuelekea kwenye mvutano mkubwa. Mhandisi James Thomson alieleza jambo hili mwaka 1855, na mwanafizikia Carlo Marangoni wa Italia, ambaye jambo hili limebaki na jina lake, akaliandikia mwaka 1865. Sisi wa Dodoma tunaliona katika glasi ya mvinyo wetu, pale kilevi kinapokauka upesi kwenye utando mwembamba wa ukingoni, mvutano wa utando huo ukapanda na kukivuta kinywaji juu, kisha kikateremka kama machozi.

Hatua ya 1: Chagua kiendeshi. Wengi huanza na sabuni, nami siipendekezi. Sabuni husambaa uso mzima, mvutano unashuka kila mahali kwa usawa, na mwendo unakoma kwa sababu tofauti imekwisha. Kafuri hutoka majini na kupotea hewani karibu kwa kasi ile inayoingia, hivyo tofauti hudumu. Tena maji yetu ya visima ni magumu, na sabuni ya mche ndani yake hugeuka utando mweupe.

Kafuri hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya maziko. Usikubali vidonge vya kufukuzia nondo kabla ya kuvipima, kwani vingi ni naftalini: tia kipande majini, kafuri huelea, naftalini huzama. Iweke mbali na watoto, maana ni sumu ikimezwa.

Hatua ya 2: Safisha uso wa maji. Hapa ndipo majaribio mengi hufia. Osha sinia kwa sabuni, lisuuze mara nyingi, malizia kwa maji ya chupa, kisha usiguse tena upande wa ndani. Mimina maji yenye kina cha sentimita 2 hivi, halafu kwangua kafuri kwa wembe ili chembe chache ziangukie juu yake. Uso ukiwa safi, chembe huzunguka na kukimbia ovyo papo hapo. Zikitulia, mwaga maji uanze upya. Kisha chovya kidole kwenye maji hayo baada ya kukipitisha kwenye nywele, na utaona chembe zote zikisimama kwa pamoja. Mwaka 1890 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alipima mafuta ya zeituni yanayotosha kuzizima, akapata utando wa unene wa takriban nanomita 2, yaani sehemu mbili za milioni za milimita.

Hatua ya 3: Tengeneza mashua. Kata boksi la maziwa umbo la mashua, urefu sentimita 3 na upana sentimita 1, utoboe pengo dogo nyuma na kubana humo kipande cha kafuri kinachogusa maji. Tofauti ya milinyutoni 10 kwa mita kwenye upana huo hutoa nguvu ya milinyutoni 0.1, sawa na uzito wa miligramu 10 hivi, nayo inatosha kabisa. Ukitaka pangaboi, kata mikono miwili na ubane kafuri ubavuni mwa kila mkono, upande wa nyuma wa mzunguko unaoutaka. Funga madirisha, upepo wa kiangazi huendesha mashua kuliko kafuri, na vumbi lake huchafua uso.

Hatua ya 4: Acha vijipange. Yeyusha kafuri katika spiriti, mbali na moto, mpaka isiyeyuke tena. Toboa visahani vya karatasi ya kuchujia kwa panchi ya ofisini, vichovye humo, vikauke, kisha uviweke majini kimoja kimoja kwa kibanio. Kila kisahani hushusha mvutano kukizunguka, kwa hiyo visahani husukumana na kugawana nafasi; kimoja kikisogea, jirani zake nao husogea.

Kafuri inapopungua, nguvu ya pili hujitokeza. Maji hujipinda kwenye ukingo wa kila kisahani, na mipindo inayofanana huvutana inapokaribiana, hasa ndani ya milimita chache, kwa kuwa kipimo cha asili cha mpindo huo katika maji, yaani umbali ambao unafifia ndani yake, ni takriban milimita 2.7. Visahani huanza kushikana viwili viwili, halafu makundi hukutana. Kuvitenganisha tena, viinue kwa kibanio, vikaushe, uvichovye upya katika spiriti yenye kafuri, na ubadilishe maji kabla ya kuvirudisha.