Namna ya Kusoma Maungamo ya Kilutheri Kila Siku kwa Mwaka Mmoja

Mlutheri aliyepata kipaimara amekwisha kukariri sehemu ya maungamo ya kanisa lake, yaani maandiko yanayotamka imani yake, hata kama hajawahi kuyaita kwa jina hilo. Katekisimo Ndogo aliyosimama nayo mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa, huku akiomba moyoni asiulizwe maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani, ni mojawapo ya maandiko yaliyokusanywa katika Kitabu cha Makubaliano, kilichotolewa Dresden tarehe 25 Juni 1580. Humo mna pia imani tatu za kale, yaani ya Mitume, ya Nikea na ya Athanasio, Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, Utetezi wa ungamo hilo ulioandikwa na Philipp Melanchthon, mwenzake Luther, Vifungu vya Smalcald vya Martin Luther, risala ya Melanchthon kuhusu mamlaka ya Papa, Katekisimo Kubwa, na Fomula ya Makubaliano ya mwaka 1577. Maandiko yote hayo yakigawanywa vizuri humalizika katika mwaka mmoja, kwa msomaji anayetenga dakika 20 hivi kila siku.

Wengi hukwama kwa sababu huanzia ukurasa wa kwanza, nami nilikuwa mmoja wao. Nilipita dibaji ndefu yenye majina ya watawala na miji ya Ujerumani, nikazisoma imani tatu kwa furaha, nikalimaliza Ungamo la Augsburg kwa mwendo mzuri, kisha nikaingia kifungu cha 4 cha Utetezi, ambacho peke yake kina aya zipatazo 400; mwezi wa pili ulipokwisha nilikuwa bado humo, na kitabu kikarudi kabatini. Katekisimo zote mbili, ambazo zingenipa pumzi ya kuupanda mlima ule, zimewekwa ng'ambo ya mlima wenyewe. Ndiyo maana ratiba ninayoieleza hapa haifuati mpangilio wa kitabu. Inaanza na kile ambacho msomaji anakijua kwa moyo, na Utetezi na Fomula vinangoja nusu ya pili ya mwaka.

Tayarisha nakala ya maungamo, Biblia, daftari na penseli. Ratiba yako iandike kwa namba za vifungu na aya, si kwa namba za kurasa, maana kurasa hutofautiana kutoka chapa moja hadi nyingine, ilhali namba ndogo za aya zilizo pembeni mwa maandishi hufanana karibu katika chapa zote. Ukishachagua tafsiri moja, kaa nayo mwaka mzima. Shauri hili ni la Luther mwenyewe: katika dibaji ya Katekisimo Ndogo anawaonya wahubiri wasibadilishe maneno ya mafundisho mwaka hadi mwaka, kwa kuwa vijana na watu wa kawaida huchanganyikiwa kwa urahisi na jasho la kuwafundisha likapotea bure. Anayesoma na jirani wa dhehebu jingine akumbuke pia kwamba hesabu ya Amri Kumi hailingani katika makanisa yote. Kwetu "Usizini" ni amri ya sita, na kwa wengine ni ya saba.

Januari yote ni ya Katekisimo Ndogo, na hesabu inakubali bila kulazimishwa. Amri ni kumi, na hitimisho lake ni siku ya kumi na moja. Sehemu za Imani ni tatu. Sala ya Bwana ina utangulizi na maombi saba, na maelezo ya "Amina" yasomwe siku moja na ombi la saba. Ubatizo una maswali manne, Ungamo, yaani kuungama dhambi, lipewe siku moja, na Sakramenti ya Altare ina maswali manne. Jumla ni siku 31. Kwa kuwa vipande ni vifupi mno, usiruke Jumapili, na muda unaobaki utumie kufungua Biblia mahali katekisimo inapokuelekeza. Swali la tatu la Ubatizo, kwa mfano, linakupeleka Tito 3, na la nne linakupeleka Warumi 6:4. Kuyasoma maneno hayo katika sura yake, pamoja na aya zilizotangulia na zinazofuata, ni tofauti kabisa na kuyatamka kwa haraka kama tulivyofanya tukiwa na miaka 14.

Kusoma tu, hata hivyo, hakutoshi, kwa sababu jicho huteleza juu ya maneno liliyoyazoea. Mwaka 1535 Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, barua ya kumfundisha namna ya kusali, na humo akaeleza kwamba kila amri huisokota kama shada la nyuzi nne: kwanza huitazama kama fundisho, pili kama jambo la kushukuru, tatu kama jambo la kutubia, nne kama ombi. Njia hii hufaa kwa sehemu nyingine za katekisimo pia. Tuseme ni tarehe 19 Januari, na kwa hesabu ya hapo juu umefika kwenye ombi la nne, "Utupe leo riziki yetu." Katika maelezo yake Luther anasema kwamba Mungu huwapa riziki hata watu waovu bila wao kuomba, ila sisi tunaomba atujalie kuitambua na kuipokea kwa shukrani, kisha anaorodhesha riziki yenyewe, na orodha inaanza na chakula, mavazi na viatu, inapita kwenye nyumba, shamba, mifugo na fedha, inafika kwenye serikali njema, hali nzuri ya hewa, amani na afya, na inaishia karibu na marafiki wema na majirani waaminifu.

Sasa gawa ukurasa wa daftari sehemu nne. Chini ya fundisho andika jambo moja ulilolikuta leo, mathalani kwamba jirani mwaminifu amehesabiwa kuwa riziki sawa na ugali. Chini ya shukrani mtaje mtu au kitu kwa jina: mama wa nyumba ya pili aliyekutazamia watoto ulipokuwa msibani, au mvua iliyokuja kabla mbegu hazijaharibika ardhini. Chini ya toba usiandike "nisamehe dhambi zangu" halafu ukafunga daftari. Andika deni la dukani unalolikwepa, au ujira wa kibarua uliouchelewesha. Ombi litakuja lenyewe, na mara nyingi huwa la sentensi moja. Zoezi zima huchukua kama dakika kumi. Luther anaongeza katika barua hiyo kwamba wazo jema likikujia katikati ya sala, uliache litiririke na kuyaweka kando mengine yaliyopangwa, kwa hiyo siku ambayo shukrani imejaza ukurasa mzima, nyuzi nyingine tatu zisikusumbue.

Kuhusu saa, asubuhi ina faida iliyo wazi. Katika dibaji ya Katekisimo Kubwa Luther anakiri kwamba yeye, daktari na mhubiri, kila asubuhi na kila apatapo nafasi husoma neno kwa neno Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana na baadhi ya Zaburi, kama mtoto anayefundishwa. Katekisimo Ndogo nayo ina sala ya asubuhi na ya jioni, pamoja na agizo la kwenda kazini kwa furaha baada ya kusali. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya jiko kuwashwa na kabla simu haijaanza kulia, hunifaa mimi. Mwenye zamu ya usiku hospitalini au mwuza samaki anayewahi mnadani atafute saa yake, mradi iwe ileile kila siku.

Tarehe 1 Februari ingia Katekisimo Kubwa, uiendee taratibu hadi 10 Aprili, siku sita kwa wiki. Imetokana na mahubiri, na hilo linasikika: Luther anatania, anafoka, anawasema wafanyabiashara wa sokoni wanaopunja vipimo katika amri ya saba, na maelezo yake ya amri ya kwanza, kwamba kile ambacho moyo wako unakitegemea ndicho mungu wako, yanastahili wiki nzima. Amri Kumi zinachukua karibu nusu ya kitabu, basi usishangae ukiona Machi inakaribia kwisha na Sala ya Bwana bado iko mbele. Wiki ya Mateso weka maungamo pembeni, usome habari za mateso ya Bwana katika Injili. Siku zinazobaki hadi 21 Mei ni za imani tatu, Vifungu vya Smalcald na risala ya Melanchthon. Hapa unaweza kwenda haraka, ila sehemu ya pili ya Smalcald, kifungu cha 1, kisome mara mbili, kwa kuwa ndipo Luther anaposema kwamba katika jambo la Kristo na imani hapana cha kuachia. Imani ya Athanasio isome tena Jumapili ya Utatu.

Ungamo la Augsburg nimelipangia siku 35, kuanzia 22 Mei hadi 25 Juni, na tarehe ya mwisho ina sababu. Siku hiyo mwaka 1530 Christian Beyer, chansela wa Saksonia, alilisoma kwa Kijerumani mbele ya Kaisari Karl V mjini Augsburg, naye Luther hakuwepo. Alibaki kwenye ngome ya Coburg kwa sababu alikuwa chini ya marufuku ya dola, yaani ametangazwa mhalifu. Andiko hili liliandikwa lisikike, basi nawe lisome kwa sauti. Vifungu 21 vya kwanza vinahusu imani, na karibu vyote ni vifupi, kwa hiyo kimoja kwa siku kinatosha, kikiwemo cha 4 kuhusu kuhesabiwa haki, chenye aya tatu tu. Vifungu saba vya mwisho, vinavyohusu mambo yaliyorekebishwa kama vile ndoa ya mapadre na mamlaka ya maaskofu, ni virefu, na kila kimoja kipewe siku mbili.

Baada ya kuzisikia aya tatu za kifungu cha 4, swali "Kwa nini Melanchthon alihitaji aya 400 kuzitetea?" litakuwa swali lako mwenyewe, na hapo ndipo Utetezi unapoanza kusomeka. Una siku 97, kuanzia 26 Juni hadi 30 Septemba. Kifungu hicho kipe wiki nne za siku sita, yaani aya 17 hivi kwa siku, na uandike katika daftari hoja ya wapinzani upande mmoja na jibu lake upande wa pili, la sivyo utapotea katikati. Vifungu vingine vina hoja nyepesi zaidi, na vingine ni vya ukurasa mmoja tu.

Siku zitakupita. Kuna msiba, kuna mavuno, kuna mtoto mwenye homa. Usilipe siku tatu kwa kusoma vipande vitatu asubuhi moja, maana huko ndiko kunakozaliwa uchovu unaoua ratiba. Soma kipande cha tarehe ya leo, weka nukta ya penseli penye kile ulichoruka, na uzirudie nukta hizo Jumapili alasiri. Zikizidi sita, ziache mpaka mwaka ujao.

Jambo moja zaidi linahitaji tahadhari. Maandiko haya ni ya karne ya 16, na lugha yake juu ya Papa na juu ya Waanabaptisti, waliokataa ubatizo wa watoto wachanga, ni kali kuliko tunavyozungumza na majirani zetu leo. Anayesoma hukumu hizo ajue kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, palepale Augsburg, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki vilitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, na kwamba mwaka 2010, katika mkutano mkuu wa Stuttgart, shirikisho hilo liliwaomba Wamenoni, warithi wa Waanabaptisti hao, msamaha kwa mateso waliyotendewa wazee wao. Kuyajua haya humsaidia msomaji asiyachukue maneno makali ya karne ya 16 kwenda kuyarusha kwenye kikao cha ukoo.

Luther aliiandika Katekisimo Ndogo ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wake, kwa hiyo ukiweza usisome peke yako. Baada ya chakula cha jioni mtu mmoja asome kipande cha siku, mwingine aulize swali, na mtoto wa kipaimara apewe nafasi ya kujibu kabla ya wakubwa. Jumuiya zinazotuma kipande kwenye kundi la simu hufanya vema, ila ujumbe huo hufunikwa mara moja na rambirambi na michango ya harusi. Chapa ratiba ya mwezi kwenye karatasi, uibandike ukutani.

Kuanzia 1 Oktoba ni Fomula ya Makubaliano. Ina vifungu 12, navyo vimeandikwa mara mbili kwa mpangilio uleule, kwanza kwa muhtasari na kisha kwa maelezo marefu. Chukua kifungu kimoja kwa wiki: siku ya kwanza soma muhtasari, ambao hutaja swali lililobishaniwa, mafundisho yanayokubaliwa na yanayokataliwa, siku tano soma maelezo marefu, ya saba pumzika. Kifungu cha 9, kuhusu Kristo kushuka kuzimu, humalizika asubuhi moja, na siku zake zilizobaki zitumie kukamilisha cha 8, ambacho ni kirefu na kigumu. Cha 10, kinachohusu desturi ambazo Mungu hakuziamuru wala kuzikataza, kitawavutia hasa sharika zilizowahi kugombana juu ya ngoma na magitaa ibadani. Wiki 12 ni siku 84, hivyo kifungu cha mwisho kinaisha 23 Desemba, na kesho yake unageukia Luka 2.